Ulimi wa Muuza Kahawa

Kwa Wahaya, mtu hakupi kahawa ya kutafuna kabla hajaitafuna yeye mwenyewe. Mwenyeji huchukua punje ya kwanza kikapuni, huitia kinywani mbele ya macho ya mgeni, huiuma, ndipo akakisogeza kikapu. Wapo wasemao desturi hiyo ilianza zamani za sumu, ndugu alipokuwa hamwamini ndugu. Siku hizi sumu haitajwi, ila punje ya kwanza imebaki kuwa ya mkono unaotoa.

Kwa hiyo Jovitha, mjane wa Aristides, aliishi kwa kinywa chake kama mshonaji anavyoishi kwa vidole. Alichuma kahawa kwenye kibanja chake cha migomba na mibuni huko Muleba, akaichemsha pamoja na majani aliyoyajua mwenyewe, akaianika, akaifunga katika vibunda vya maganda makavu ya mgomba, akaipeleka gatini Kemondo siku za meli. Abiria wa Mwanza walimzoea. "Ma Jovitha, tafuna tukuone!" walimtania, naye akatafuna, akacheka meno yote nje, nao wakanunua.

Mwaka 1995 Jovitha aliacha kucheka.

Lilianza kama baka jeupe ubavuni mwa ulimi, mahali hasa ambapo mrija wa kiko chake ulizoea kulala. Halikuuma. Alilikwangua kwa ukucha, halikutoka. Kama lingempata bibi yake enzi za ukoloni, lingekuwa baka tu. Lakini hii ilikuwa miaka ambayo hapakuwa na kibanja Muleba kisicho na kaburi bichi chini ya migomba, na hata mtoto wa shule alijua kuwa kinywa cheupe ndicho kinachotangulia: kwanza kinywa, kisha tumbo, kisha mwili kukonda hadi nguo zikaning'inia kama zimeanikwa. Aristides alikwenda kwa njia hiyo hiyo mwaka 1989. Nani angehangaika kumuuliza mjane wake maswali?

Damu ya Jovitha ilikuwa imepimwa, tena zaidi ya mara moja, na haikuonekana na kitu. Lakini mtu havai majibu ya hospitali shingoni kama rozari.

Wa kwanza kuliona baka alikuwa jirani yake Skolastika, mwanamke wa maneno mengi na roho isiyo mbaya.

"Ma Jovitha, tangu lini unacheka kwa kiganja?"

"Jino linanisumbua."

"Jino gani hilo linaloota kwenye ulimi? Nimeliona, mwenzangu. Umepiga miayo kanisani kama kiboko."

"Basi umeliona. Unataka nikukatie tiketi ulitazame tena?"

"Nataka uende hospitali. Mimi nimezika wadogo zangu wawili kwa sababu ya kuona haya. Haya ya nani, hata sijui, maana waliokuwa wakiwaonea haya nao tumewazika."

Jovitha hakwenda. Alijifunza kutafuna kwa upande mmoja, midomo imefungwa, kama mtu anayeficha pipi darasani. Ikafaa kwa muda. Kisha siku moja gatini, Maige, mchuuzi wa samaki kutoka Usukumani aliyekuwa akinunua kwake miaka nenda miaka rudi kabla ya kuvuka kwenda visiwani, alimtazama akitafuna. Alimtazama muda mrefu kupita adabu. Alichukua kibunda chake, akashukuru kwa heshima zote, akashuka hadi penye mitumbwi. Na Jovitha, aliyekuwa akimfuata kwa macho bila kutaka, akakiona kibunda kikielea majini kando ya gati. Maige hakukitupa kwa dharau. Alikiachia taratibu, kama mtu anayeachia kitu kisimwone. Huo upole ndio uliomchoma Jovitha kuliko tusi. Alirudi Muleba na kikapu kizito kama alivyokwenda nacho.

Aliyemtoa nyumbani hatimaye ni binti yake wa pekee, Kokwijuka, aliyekuwa likizo kutoka sekondari. Walipanda gari hadi Bukoba, kwenye hospitali ambako daktari wa kinywa aitwaye Karugendo alikuwa ametumwa kutoka Dar es Salaam kuchunguza wagonjwa wa mabaka ya namna hiyo. Karugendo alikuwa mzaliwa wa hapo hapo Bukoba, mtu hodari, mwepesi wa mkono na mwepesi mno wa maneno. Kokwijuka aliachwa kwenye benchi la nje. Ndani, daktari aliushika ulimi wa Jovitha kwa kitambaa, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

"Unavuta, mama?"

"Kiko. Kidogo."

"Kidogo cha miaka mingapi?"

"Tangu vita."

"Basi sikiliza. Siku hizi kila kinywa cheupe tunakiita ukimwi, na ni uvivu tu wa kufikiri. Hili lako ni la tumbaku. Leo si saratani. Shida ni kwamba mabaka haya mengine hugeuka saratani, mengine hayageuki, na kwa macho hatuwezi kuyatofautisha. Kwa hiyo nakata kipande kama punje ya mchele, kinakwenda maabara Ulaya, wanasoma chembe za urithi zilizomo. Yaani yale maagizo ambayo mwili hupewa na baba na mama. Maagizo yakiwa yameharibika, baka litageuka, nasi tutaliwahi."

Alikuwa akisema huku akipanga vyuma kwenye sinia, mgongo umemwelekea. Nje foleni ilikuwa ndefu.

Jovitha aliuliza polepole, "Hayo maagizo, binti yangu naye anayo?"

"Anayo! Nusu yako, nusu ya baba yake. Sote tuko hivyo."

"Na hao wa Ulaya, wanasoma yote?"

"Sayansi imefika mbali, mama," alisema Karugendo, na sauti yake ilikuwa na fahari ya kweli. "Hawakosi kitu."

Jovitha aliteremka kitini, akatengeneza kanga yake. "Baba, nakuja. Naenda kujisaidia."

Alimshika Kokwijuka mkono akamtoa nje ya lango. "Wamesema hakuna kitu," alimwambia, na hakugeuka nyuma hadi walipokuwa ndani ya gari la Muleba.

Ili kuelewa alichokikimbia, lazima turudi ng'ambo ya Mto Kagera. Mwaka 1978 Aristides alikuwa fundi kwenye kiwanda cha sukari upande ule wa mto. Majeshi ya Amini yalipoingia, yeye alikuwa amekuja Muleba kumzika mjomba wake. Daraja likavunjwa, na Jovitha akabaki kule, katika mikono ya wanaume waliokuwa wamejipa ruhusa ya kuchukua ng'ombe, mabati, vitanda na wanawake. Yaliyompata hakuyasimulia kwa mtu, nasi hatuna haki ya kuyasimulia kwa niaba yake. Majeshi hayo yaliporudi nyuma hadi mpakani, alivuka mto pamoja na wengine juu ya magogo yaliyofungwa kamba, akatembea, akafika kwa mumewe. Kokwijuka alizaliwa kiangazi kilichofuata. Wanawake wa ukoo walihesabu miezi kwa vidole, na vidole vikagoma kusema: huenda ni huku, huenda ni kule. Hata Jovitha mwenyewe hakujua. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake yote, kwamba hakujua.

Aristides hakuuliza. Aliwaita wazee, akampakata mtoto mapajani mbele yao, akampa jina. Kwa desturi ya kwao, shauri la mtoto huishia hapo: aliyekupakata na kukupa jina ndiye baba yako, na anayetaka kubisha abishane na wazee waliokunywa pombe ya siku ile. Wema wa Aristides ulikuwa huo wa kutouliza, na adhabu ya Jovitha ilikuwa hiyo hiyo, kwani jambo lisiloulizwa halina siku ya kujibiwa. Usiku hakulala. Mama mkwe wake, mwanamke mkavu asiye na maneno, ndiye aliyemtilia tumbaku kwenye kiko chake mwenyewe akamkabidhi. "Vuta, mwanangu," alisema. "Moshi hauulizi."

Akavuta. Akavuta siku ya kwanza kwa kukohoa, na miaka iliyofuata kwa mazoea. Baka lile, kwa kweli, lilikuwa mjukuu wa vita. Mabunduki yalinyamaza, bendera zikapepea, hotuba zikatolewa kuwasifu mashujaa, na hakuna aliyekuja kumuuliza mwanamke aliyevuka kwa magogo amebeba nini kinywani.

Sasa sikia jinsi alivyofikiri, maana hakufikiri kijinga. Kama mwili huandika kila ulichorithi, alijiambia, hautashindwa kuandika kila kilichopita ndani yake. Alimbeba Kokwijuka tumboni, akamlisha kwa damu yake. Lazima mbegu iliyomleta mtoto iliacha alama. Wale wa Ulaya wangesoma kipande cha ulimi wake, na mle ndani wangemkuta mwanamume wa mwaka 1978. Majibu yangerudi Bukoba. Bukoba kuna wauguzi, wauguzi wana shangazi Muleba, na shangazi wana ndimi. Habari ingemfikia Rugaibula.

Rugaibula alikuwa mdogo wa marehemu Aristides, na kibanja chake kilipakana na cha Jovitha. Tangu msiba alikuwa na tabia ya kutembea kwenye migomba ya kaka yake akiipapasa kama ng'ombe wa mnadani. Mchana mmoja, baada ya maziko ya jirani, alipita kwa Jovitha, akaketi juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni, akainyoosha miguu.

"Shemeji, dunia imeendelea. Nasikia huko Ulaya wana kipimo siku hizi, unatoa mate tu wanakutajia baba yako kwa jina na kabila."

"Ta Rugaibula, pombe ya msibani ilikuwa kali leo."

"Pombe? Mimi nazungumza elimu!" Alicheka, macho yake yakimfuata Kokwijuka aliyekuwa akipita uani na ndoo. "Wangekileta kipimo hicho hapa kwetu, vibanja vingi vingepata wenyewe. Mrefu huyu mtoto. Kwetu sisi ni wafupi."

"Bibi yake mzaa mama alikuwa mrefu."

"Eeh. Labda."

Jovitha alitafuna punje ya kwanza, midomo imefungwa, akamsogezea kikapu. Rugaibula alikitazama, akajifuta magoti, akaaga. Kahawa hakuigusa. Jovitha alibaki na kikapu mikononi, uso unawaka moto mbele ya chumba kitupu, na jioni ile alijaza kiko mara mbili.

Mvua zikapita. Baka lilikuwa na mwanya wa kutosha kufanya lilitakalo, nalo likaota wekundu katikati, likawa gumu. Kokwijuka aliporudi likizo nyingine, alimkuta mama yake uani akipembua kahawa, ametema maganda ya punje kwenye jani. Msichana aliokota jani. Maganda yalikuwa na damu.

"Mama, ulinidanganya."

"Nilikudanganya nini?"

"Ulisema wamesema hakuna kitu. Hakuna kitu ndicho kinachotoka damu?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Watu wote wanajua isipokuwa mimi. Ma Skolastika ananiangalia kama yatima. Ukifa, Ta Rugaibula ataningoja hata arobaini? Ataning'oa hapa kabla matanga hayajaanuliwa."

Jovitha hakuwa amelitazama jambo kwa upande huo. Alikuwa akiificha siri ili binti asipoteze kibanja, na sasa aliona kuwa siri yenyewe ilikuwa ikimwandalia njia ya kukipoteza. Akiishi na kuaibishwa, binti angeweza kunyang'anywa. Akifa na heshima yake, binti angenyang'anywa kwa hakika. Alipembua kahawa yake mpaka jua likahama ukuta. Kisha akasema, "Kesho twende Bukoba."

Safari hii Kokwijuka alikataa benchi la nje. Alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Ahaa, mama wa kujisaidia!" Karugendo alimtambua. "Choo chetu kimekuwa mbali kiasi hicho?" Alimfungua kinywa akitabasamu, akautazama ulimi, na tabasamu likamtoka. Hakutania tena. Alichoma sindano ya ganzi, akachukua kisu kidogo.

Jovitha alimshika kifundo cha mkono.

"Kata," alisema, ulimi umeanza kufa. "Ila nakuomba, baba. Waambie hao wa Ulaya, ya mtoto wasiyasome."

"Ya mtoto gani?"

Jambo alilolifungia miaka yote ile, hata kwa mume aliyelala naye kitanda kimoja, alikuwa amelitoa mwenyewe kwa ombi la maneno machache, mbele ya mwanamume aliyevaa koti jeupe na binti aliyesimama mlangoni. Akaona haya hata ya mikono yake, iliyokuwa imemng'ang'ania daktari kama ya mtu anayezama.

Karugendo aliweka kisu chini. Alikuwa mtu wa Bukoba. Alijua wanawake waliovuka mwaka ule. Alivuta kiti akaketi, kwa mara ya kwanza uso wake ukiwa usawa mmoja na wa mgonjwa.

"Mama," alisema, "hao watu wanasoma baka peke yake. Wanatazama kama tumbaku imevuruga maagizo ya sehemu hiyo ndogo ya ulimi. Hawamtafuti baba wa mtu. Wala hata wangetaka wasingempata humo. Yaliyo ya binti yako yamo mwilini mwa binti yako. Katika ulimi wako hamna mahali palipoandikwa jina la mwanamume yeyote."

"Hapana?"

"Hapana."

Machozi yalimtoka Jovitha bila sauti. "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Hukuuliza hivyo siku ile." Kisha daktari akainamisha kichwa. "La. Ilikuwa kazi yangu kujua unachouliza. Niliona foleni, sikukuona wewe."

Mlango ulilia. Jovitha, aliyekwisha kuwekewa kigingi cha kuuzuia mdomo usifungike, hakuweza kugeuka. Alisikia tu nyayo za binti yake zikitoka. Kipande kikakatwa. Hakukisikia. Alichosikia ni zile nyayo.

Alimkuta Kokwijuka kwenye benchi la nje, macho kwenye sakafu.

"Baba alijua?" msichana aliuliza.

"Alijua nilikokuwa."

"Na akanipakata?"

"Akakupakata. Akakupa jina mwenyewe, hakumwachia mtu."

Kokwijuka hakumkumbatia mama yake, wala hakumlaumu. Njia nzima alitazama dirishani, na Jovitha alihesabu ukimya ule kuwa hukumu. Walipokuwa wamekwisha kuipita Kemondo, msichana aliingiza mkono katika kikapu cha mama yake, akakitoa kiko, akakitia katika mfuko wa sketi yake ya shule. Hakikuonekana tena.

Majibu yalipokuja, Karugendo aliyaeleza kwa Kiswahili na kisha kwa Kihaya, naye safari hii aliuliza kila mara, "Umenielewa vipi? Hebu niambie wewe." Maagizo yalikuwa yamevurugika vibaya. Baka lilikuwa halijawa saratani, lakini lilisimama ukingoni mwa mto, mguu mmoja umekwisha kulowa. Lilipaswa kuondolewa lote. Kama lingeondolewa alipokuja mara ya kwanza, kisu kingechukua sehemu ndogo kama ukucha. Sasa kilichukua ubavu mzima wa ulimi, kwenye hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa. Hiyo ndiyo bei ya haya ambayo hakuwa ameifanyia kosa lolote; walioisababisha hawakuwahi kulazwa popote kwa ajili yake.

Jovitha alirudi Muleba akisema kwa kitata. Alijifunza kunywa uji, kisha kula ndizi zilizopondwa. Kahawa ya kutafuna ilimchoma kama pilipili, hakuiweza tena.

Watu walikuja kumpa pole. Skolastika alifika mapema, akaketi karibu na mlango ili asikose kitu. Rugaibula naye akaja, kwa kuwa kutokuja kungesemwa. Nyumba ilijaa. Kikapu kikaletwa katikati, na mkono wa Jovitha, kwa mazoea ya maisha yake yote, ukaenda kuchukua punje ya kwanza. Ukasimama hewani. Watu wakautazama ule mkono. Mwenyeji asipotafuna hakuna atakayekula, na mwenye nyumba asiyeweza kumkaribisha mgeni, nyumba hiyo ni ya nani? Rugaibula aliinama mbele kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

Kokwijuka alitoka chumba cha ndani. Alipiga magoti juu ya nyasi kando ya mama yake, akachukua punje ile, akaiweka kinywani, akaiuma kwa meno ya mbele mpaka ikalia.

"Karibuni," alisema. "Hii ni kahawa ya kibanja cha Aristides, aliyenipakata. Mama anaumwa, kwa hiyo mwenyeji ni mimi."

Akamsogezea Rugaibula kikapu kwanza, kama inavyompasa mkubwa wa ukoo. Rugaibula alichukua punje moja. Mkono wake ukaanza kushuka kuelekea mfuko wa koti. Kikapu hakikuondoka mbele yake.

"Ta Rugaibula, meno yameisha?" Skolastika aliita kutoka mlangoni. "Wengine tuna hamu huku!"

Watu walicheka. Mkono ulipanda. Rugaibula alitafuna, polepole, akitazama ukuta. Na kikapu kikaendelea kwa anayefuata.

Jovitha hakumtazama. Alitazama nyasi, uso unawaka moto vilevile kama zamani, kwa maana haya ya muda mrefu namna ile haifukuzwi kwa punje moja ya kahawa. Lakini Skolastika aliposema neno jingine la upuuzi na chumba kizima kikacheka tena, Jovitha naye akacheka, kwa kitata, kinywa wazi, ulimi uliokatwa ukionekana na kila aliyetaka kuona. Kiganja chake kilibaki mapajani.